Ule Waya wa Hendibreki

Leo tunaacha kidogo mambo ya mawifi na ya vyama, tunaingia garini.

Dada mmoja wa Riruta, upande wa Satelaiti, ameniandikia akiwa na ugomvi mdogo nyumbani. Yeye na mumewe wamenunua gari lao la kwanza, mtumba kutoka Japani, na baada ya kuliombea na kulipiga picha wakagundua kwamba skrini iliyo katikati ya dashibodi inaongea Kijapani. Mume anataka ing'olewe, iwekwe ile ya inchi 10 aliyoiona kwa jirani, yenye ramani, muziki na video. Mke ndiye atakayeendesha kila asubuhi kuwapeleka watoto shule. Leseni yake haijamaliza mwaka, na anaogopa kwamba macho yatakuwa yakihamia kwenye skrini badala ya kukaa barabarani. Mume anasema huo ni woga wa dereva mgeni. Naulizwa nani yuko sawa.

Wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliye sawa. Lakini usikimbilie sebuleni kumsomea bado, maana na yeye ana lake la haki, na ni vizuri tuanzie hapo.

Hiyo skrini mliyokuja nayo si skrini, ni pambo. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Mjapani anayekaa Osaka, si kwa ajili ya mtu wa Kawangware. Ramani iliyomo ni ya Japani, na kadi yake mara nyingi ilibaki huko, kwa hiyo kila ukiwasha gari skrini inakuomba kitu kwa maandishi usiyoweza kuyasoma. Redio nayo ndiyo kioja. Kwa miaka mingi Japani imetumia masafa ya FM ya 76 hadi 90, baadaye yakaongezwa hadi 95, na sisi yetu yanakwenda 88 hadi 108. Ndiyo maana mnashika stesheni mbili tatu tu za huku chini. Dawa ya zamani ilikuwa kifaa kidogo ambacho fundi anakifunga kwenye waya wa eriali ili kishushe masafa. Kikishusha 20, Radio Jambo ya 97.5 unaitafuta kwenye 77.5. Unaendesha huku unapiga hesabu ya kutoa! Kwa hiyo mumeo hana kosa kutaka kuibadilisha.

Na hapo ndipo nikaona swali lako lina uzito kuliko unavyodhani. Mzungu anayenunua gari jipya leo hapewi nafasi ya kuchagua. Kiwanda kimeshaamua kwamba hata joto la kiti litawashwa kwa kugusa kioo. Wewe uko kwenye kigoda kando ya barabara, fundi ameshika bisibisi, na unaweza kumwambia hiki weka, hiki acha. Ni watu wachache duniani wenye bahati hiyo, na wengi wetu tunaitumia kuulizia kama YouTube itafungua.

Acha nikuambie yaliyonipata mimi, kisha tuingie kwenye mambo ya wataalamu.

Miaka michache iliyopita niliweka skrini ya aina hiyo hiyo. Kubwa, inang'aa, marafiki wakaisifu. Jioni moja nilikuwa nateremka Naivasha Road kutoka Dagoretti Corner, saa ile matatu zinashusha watu popote na mama mboga wameshatandaza magunia hadi ukingoni mwa lami. Simu ikaingia kupitia spika, sauti ikatoka kama ya mhubiri wa steji. Gari langu la zamani lilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ningekizungusha bila hata kukifikiria. Hili lilikuwa na alama ya kujumlisha na ya kutoa, ndogo kama punje ya mtama, pembeni mwa kioo. Nikanyoosha kidole, gari likapanda tuta, kidole kikatua kwingine, ukafunguka ukurasa wa kupanga besi. Nikatafuta mshale wa kurudi. Nilipoinua macho, mbele yangu palikuwa na mkokoteni wa maji.

Nilikanyaga breki mpaka mkoba ukaruka chini. Sikumgusa. Lakini yule kijana alishtuka, akayumbisha mkokoteni, mtungi mmoja wa lita 20 ukaanguka na maji yakamwagika mbele ya taa zangu. Akaja dirishani taratibu, akachungulia ndani, akaitazama ile skrini, akanitazama mimi. "Madam," akasema, "hiyo TV ni tamu hivyo?"

Nilimlipa mtungi wake. Jibu sikuwa nalo.

Sasa kaa na tukio hilo kidogo, maana tatizo lote limo humo. Kitufe kina umbo. Kidole kinakijua kama ulimi unavyoyajua meno: kinapapasa, kinakipata, kinazungusha, na wakati wote huo macho yanabaki kwa mtoto anayetaka kuvuka. Kioo hakina umbo. Ni laini kote. Ili kidole kijue pa kutua, lazima macho yakitangulie, na yakishatua yangoje kuona kama kioo kimekubali. Ongeza matuta na mashimo yetu, ambayo hakuna mhandisi wa ng'ambo aliyeyafikiria alipokuwa akichora vile vidude vidogo. Ongeza jua la saa kumi linalopiga kioo mpaka huoni kitu. Njia mbili zilimshinda fisi, na sisi tunataka mtu aangalie njia moja huku akisoma nyingine.

Piga hesabu nami. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao kwenye mitaa yetu tunauita wa polepole, linamaliza mita 11 kila sekunde. Ukitazama skrini sekunde mbili umekwenda mita 22 bila kuona. Wamarekani, kupitia mamlaka yao ya usalama barabarani, walitoa mwongozo mwaka 2013 wakisema dereva asitakiwe kuondoa macho zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, na kazi nzima isizidi sekunde 12. Watengenezaji hawakulazimishwa, na matokeo yake yakaonekana. Timu ya David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah ilipopima magari ya mwaka 2017, kuingiza mahali unapokwenda kwenye ramani kulimchukua dereva sekunde 40 kwa wastani. Miaka miwili kabla ya hapo timu hiyo hiyo ilikuwa imegundua jambo linaloniogopesha zaidi: hata ukishamaliza na kurudisha macho barabarani, akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi. Kwa kilomita 40 kwa saa hizo ni mita 300. Umeshapita steji nzima, macho yamefunguka, na wewe bado hujafika.

Kama mumeo ni mtu wa ushahidi, msimulie Waswidi. Mwaka 2022 jarida lao la magari, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 na Volvo moja kuukuu ya 2005 yenye vitufe vya kawaida. Wakawapa madereva muda wa kuyazoea, kisha wakawaambia wafanye kazi nne ndogo kama kupandisha joto na kutafuta stesheni ya redio, wakiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Yule mzee wa Volvo alimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote lilichukua sekunde 44.9 na mita 1,372. Mzee akawapita wote, na yeye ndiye wa bei ya chini.

Na kwa wale wanaosema wao ni wazoefu, kuna kipimo kilichofanyika Uingereza mwaka 2020 katika maabara ya TRL, kwa kutumia gari la kuigiza. Waliotumia Apple CarPlay kwa kugusa walichelewa kuitikia hatari kwa asilimia 57, na wa Android Auto kwa asilimia 53. Mtu aliyekunywa hadi kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya huko, katika vipimo vya awali, alikuwa amechelewa kwa asilimia 12. Mimi mwenyewe nilisoma mara mbili. Wanaume wetu ambao hawangethubutu kugusa usukani baada ya chupa mbili, kwa kuogopa alkoblow ya polisi, wanabadilisha nyimbo kwenye lami bila wasiwasi. Hata kuongea na skrini kwa sauti hakukuwa bure. Kuliwachelewesha kwa theluthi hivi. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mgonjwa.

Usidhani ni ugonjwa wa juzi. General Motors iliweka skrini ya kugusa kwenye Buick Riviera mwaka 1986, madereva wakalalamika kwamba inawatoa macho barabarani, na kufikia 1990 vitufe vilikuwa vimerudi. Kisha tukasahau, zikaja simu, na kila gari likataka kufanana na simu. Hata jeshi la majini la Marekani lilianguka kwenye mtego huo. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari yao USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa, na wachunguzi wakaona kwamba mfumo wa kuongoza meli kwa skrini za kugusa uliwachanganya waliokuwa kwenye usukani. Miaka miwili baadaye jeshi likatangaza kuwarudishia mabaharia wake mikono ya chuma ya kusukuma. Kama baharia aliyefunzwa miaka anachanganyikiwa kwenye bahari pana, mimi na wewe pale Kawangware tutakuwa nani?

Kuna kisa kimoja cha Ujerumani nakipenda kwa sababu ni cha mvua, na sisi mvua tunaijua. Dereva wa gari la umeme alikutwa na mvua kubwa, na mwendo wa waipa kwenye gari lake ulirekebishwa ndani ya skrini. Akaangalia skrini, gari likatoka barabarani, likagonga miti. Mahakama ya juu ya mkoa huko Karlsruhe ilisema mwaka 2020 kwamba skrini iliyofungwa kwenye gari ni kifaa cha elektroniki kama simu tu, na adhabu ikabaki: yuro 200 na mwezi mmoja bila kuendesha. Hapa kwetu kanuni za makosa madogo za 2016 zinamtoza anayetumia simu gari likiwa mwendoni shilingi 2,000. Zimeitaja simu. Lakini mdogo wangu, lile lori la mchanga linalotoka Waiyaki Way halitakuuliza ulikuwa unatazama simu au dashibodi.

Wazungu wenyewe wameanza kurudi nyuma. Euro NCAP, wale wanaoyapa magari nyota za usalama, kuanzia 2026 wanataka mambo matano yawe na swichi ya kushikika ili gari lipate nyota zote: indiketa, hazadi, honi, waipa, na kitufe cha kuita msaada wa dharura. Orodha hiyo ndiyo silaha yako. Gari lenu la Japani lina yote manne ya kwanza tayari. Kazi yako ni kuhakikisha fundi hayaondoi.

Basi twende kwa fundi.

Usimwache mumeo aende peke yake. Siku hiyo nenda naye, ukae kiti cha abiria, ubebe chai yako kwenye thamosi. Fundi ataingia upande wa usukani, mguu mmoja nje, atachomeka kipande cha plastiki chini ya fremu na klipu zitaanza kulia ta, ta, ta mpaka moyo ukuume. Redio ya zamani itatoka na mkia wa nyaya za rangi zote. Hapo, kabla hajaanza kusokota na kufunga tepu nyeusi, muulize mambo.

Kwanza, ile skrini mpya inakaa wapi. Kuna fremu zinazofunika matundu ya hewa au kuisukuma swichi ya hazadi mahali ambapo mkono wako hauifikii. Zikatae. Vile vitufe vitatu vya kuzungusha vya hewa, cha joto, cha nguvu na cha kuelekeza hewa kwenye kioo cha mbele, usivibadilishe na chochote. Utanikumbuka Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Riruta imeshuka, watoto wanne wanapumua nyuma na kioo chote kimekuwa cheupe kama maziwa. Siku hiyo utataka kitu cha kukizungusha bila kukiangalia.

Pili, redio yenyewe iwe na kitufe halisi cha sauti, cha kuzungusha. Zipo. Zimekaa rafu ya chini kwa sababu hazing'ai sana. Ningekuwa na kitufe hicho, yule kijana wa maji angefika nyumbani na mitungi yote.

Tatu, kama usukani wenu una vitufe vya sauti na stesheni, fundi aviunganishe na aifundishe redio kuvitambua. Ni kazi ya dakika chache, lakini wengi wanairuka, kisha vile vitufe vinabaki pale kama vifungo vya koti la kuazima. Dai hicho kabla hujalipa.

Halafu kuna ule waya.

Karibu kila redio ya aina hiyo huja na waya mmoja mwembamba ulioandikwa breki. Kazi yake ni kuunganishwa na hendibreki ya gari, ili video icheze tu ukiwa umesimama na umeivuta. Ukiachia breki, picha inazimika. Aliyeitengeneza alijua tutakavyofanya. Na fundi naye anajua tunachopenda, kwa hiyo anauchukua waya huo, anaukwangua ncha, na kuukaza chini ya boliti ya ethi. Redio inadanganyika, inadhani hendibreki imevutwa maisha yake yote. Anafanya hivyo bila kukuuliza na anakuhesabia kama zawadi: "Nimekufungulia video, itacheza hata ukitembea."

Mumeo ataipenda zawadi hiyo. Wewe ndiye utakayeilipia.

Sisemi skrini yote ni ubaya. Kamera ya nyuma ningeitaka kwa kila gari linalotoka kwenye geti za Riruta, pale ambapo vichochoro vimebana na watoto wa ploti wanacheza nyuma ya matairi. Inawaka ukiweka rivasi tu, na wakati huo unakwenda kama konokono, hivyo haikuibii kitu. Ramani nayo ni bora ikusemeshe kutoka kwenye spika kuliko ushike simu mapajani. Ila andika unakokwenda ukiwa bado ndani ya geti. Chagua nyimbo ukiwa bado ndani ya geti. Ukikosea, kata kona, ingia kituo cha mafuta, simama, rekebisha. Kwenye jamu usijidanganye kwamba umesimama. Jamu yetu inasogea mita mbili mbili, na ndani ya hizo mita mbili boda wawili wameshapenya na muuza njugu amepita mbele ya bampa. Abiria akiwepo, skrini ni yake. Mwanao mkubwa akiwa wa sekondari hivi, mfanye makanga wa redio. Atajisikia mkubwa na wewe utapumzika.

Neno la pembeni kwa mnaopanda teksi za simu, maana najua ninyi ni wengi kuliko wenye magari. Tangu Uber ianze Nairobi mwaka 2015 na wenzake kufuata, dereva anaishi na skrini iliyobanwa mbele ya uso wake, na ombi la safari linampa sekunde chache tu kulikubali kabla halijaenda kwa mwenzake. Hilo ni tumbo lake linaita. Usimkemee kama mtoto. Mwambie tu, "Kaka, nitakusubiri, simama pale uikubali." Wengi watasimama. Nimejaribu, na mmoja alinishukuru.

Karibu nimsahau mumeo. Mwambie hivi: redio ibadilishwe, yeye achague rangi za taa na besi ya kutosha kutingisha Satelaiti nzima. Wewe unataka vitu vitatu tu, vile vitufe vya hewa, kile cha sauti, na ule waya. Fundi akiushika, nyoosha mkono kutoka kiti cha abiria umwambie, "Huo peleka hendibreki." Ataguna. Atasema hakuna mteja anayeutaka hivyo. Usibishane naye, mimina chai, ngoja mpaka aukaze mahali pake, kisha mwambie awashe gari, acheze video, aachie breki, na mtazame wote watatu kama picha inazimika.

Na mumeo akinung'unika njiani kwamba ya jirani hucheza hata gari likiwa mwendoni, muulize jirani huyo hutoka na kurudi saa ngapi, ili ujue ni wakati gani wa kuwaita watoto waingie ndani.